Mke Wangu Aliniuliza, Nami Nikamrudishia Swali

Nina umri wa miaka hamsini na mbili. Ni muuguzi kwa kazi, mwalimu wa wauguzi kwa cheo, na mjinga kwa juhudi zangu mwenyewe. Ninaishi peke yangu Gurei, upande wa magharibi wa Juba, katika nyumba ya vyumba vitatu ambamo viwili havifunguliwi. Nina mbwa. Mbwa huyo alikuwa wa mke wangu, na mpaka leo nikiingia getini hanitazami mimi. Hutazama nyuma yangu, kuona kama kuna mtu mwingine anakuja...

Ninawaandikia ninyi wasomaji wenzangu kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Karibu marafiki zangu wote ni wauguzi. Ukimwambia muuguzi jambo zito, atainamisha kichwa, atakushika mkono na kusema kwa sauti ya chini, "Naona hilo limekuumiza sana." Najua atasema hivyo. Mimi ndiye niliyemfundisha!

Kwa miaka kumi na tano nimefundisha somo moja katika chuo kidogo cha uuguzi hapa mjini. Linaitwa mawasiliano ya tiba. Kwa maneno ya kawaida, ni namna ya kuzungumza na mgonjwa ili mazungumzo yenyewe yamsaidie. Usimsimamie kichwani, kaa. Inama mbele kidogo. Usiulize maswali ya ndiyo na hapana. Akinyamaza, nawe nyamaza, hesabu moja mpaka tano moyoni kabla ya kufungua mdomo. Akisema jambo, mrudishie maneno yake kwa upole, ili aone amesikika na aendelee kusema. Usimpe matumaini ya uongo. Yote hayo niliyaandika katika kijitabu cha kurasa kumi na mbili, kikadurufiwa, na wanafunzi wakakikariri kama katekisimu.

Ukurasa wa tatu una kanuni moja tu, nayo nimeipigia mistari miwili: Mgonjwa akiuliza waziwazi kuhusu maisha yake, ajibiwe.

Niliiandika kanuni hiyo kwa hasira. Huku kwetu habari mbaya haambiwi mwenye mwili. Daktari humwita mume, au kaka, au mjomba, humpeleka pembeni ya korido na kumnong'oneza. Mjomba hurudi kitandani akitabasamu. Mgonjwa hufa akiwa mtu pekee katika ukoo mzima ambaye hajaambiwa kwamba anakufa! Nilikuwa nikisimama mbele ya darasa na kumwiga mjomba huyo, na tabasamu lake la meno yote, na wanafunzi wakicheka mpaka wanapiga madawati.

Niliiga vizuri sana. Sikujua kwamba nilikuwa nafanya mazoezi.

Mke wangu aliitwa Poni. Tulikutana tukiwa vijana katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mimi nikaenda Kenya kusomea shahada, na huko ndiko nilikopata Kiswahili hiki ninachojidai nacho. Yeye hakwenda chuo chochote. Alikuwa na kibanda cha chai na chapati Nesitu, kwenye barabara ya Nimule, mahali malori yanapopumzika kabla ya kuingia Juba. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili alikwenda huko, na Kiswahili chake alikipata kwa madereva. Kilikuwa kifupi, hakikujali ngeli wala mwalimu wake, na kilieleweka na kila aliyeshuka kwenye lori. Changu kilieleweka na watahini.

Madereva walimwita Mama Kiden, kwa jina la binti yetu, mtoto wetu wa pekee.

Mwaka mmoja nilikosa mtu wa kuigiza mgonjwa darasani, nikamwomba Poni. Akapanda juu ya kitanda chetu cha mazoezi, ambacho hakina godoro, akajifunika shuka mpaka kidevuni. Mwanafunzi wangu bora, Achol, msichana mrefu wa Bor, akakaa kando yake na kuinama mbele kama kijitabu kinavyotaka.

"Mimi nataka chai," akasema Poni.

Achol akahesabu tano. "Unasikia kiu, Mama?"

"Hapana. Nataka chai."

"Naona chai ni muhimu sana kwako."

Poni akatupa shuka na kukaa kitako. "Ya Wani!" akaniita mbele ya darasa zima. "Huyu mtoto wako ananirudishia mdomo yangu! Mimi nauza chai miaka kumi. Kama dereva anaitisha chai na mimi namuuliza anasikia aje, si atanimwagia hiyo maji moto?"

Achol alicheka mpaka akashika ukuta. Hata mimi nilicheka, ingawa kwa uchungu kidogo, kwa sababu mwalimu hapendi kupigwa na mwuza chai katika somo lake. Tangu siku hiyo ukawa mzaha wa nyumbani. Nikirudi na kumuuliza siku yake ilikuwaje, alinijibu kwa sauti ya muuguzi, "Naona siku yangu ni muhimu sana kwako, Baba Kiden." Kisha anacheka peke yake, na kunipakulia chakula chenye chumvi nyingi.

Chumvi hiyo ndiyo ilikuwa vita yetu. Kwa miaka ishirini na miwili nilimgombeza kuhusu chumvi. Nilimweleza habari za shinikizo la damu. Naye alinieleza kwamba mtu aliyesoma sana huota ulimi wa mtoto...

Halafu akaanza kukosa hamu ya kula. Yeye, ambaye chapati ya mwisho kibandani hakuiacha ilale! Akakonda mikono, tumbo likavimba. Asubuhi moja nikamwona macho yamekuwa ya njano. Mimi ni muuguzi. Nilijua maana yake kabla hajaweka kikombe mezani. Nikamwambia ni malaria.

Siku hiyo jioni alipika, nami nikala chakula chote chenye chumvi ile ile na kusema ni kitamu.

Wasomaji, naomba mlikumbuke hilo la chumvi. Mimi nililisahau.

Nilimpeleka hospitali. Alipigwa picha ya tumbo, akalazwa, na siku ya tatu daktari akaniita. Aliniita wapi? Pembeni ya korido! Akaniambia kwa kunong'ona, "Mwalimu, wewe ni mwenzetu." Ilikuwa kansa ya ini, nayo imekwisha kuenea. Hakukuwa na la kufanya ila kumtuliza maumivu. Nikamuuliza muda. Akasema wiki mbili, pengine hazitimii. Kisha akauliza amwambie yeye au nitamwambia mimi.

"Niachie mimi," nikasema.

Nikarudi kitandani nikitabasamu. Kwa meno yote...

Ninyi mtaniuliza kwa nini. Nilikuwa na sababu, nzuri, imepigwa pasi. Kiden alikuwa na miaka kumi na minane, yuko shule ya bweni Gulu, upande wa Uganda, katikati ya mtihani wake wa mwisho wa sekondari. Zilibaki wiki nne amalize. Wanafunzi pale hawaruhusiwi simu, ukitaka mtoto unampigia metroni. Nilijiambia kwamba Poni akijua ukweli atamtaka mtoto wake, mtoto ataacha mtihani, na miaka yote tuliyohangaika kumsomesha itamwagika. Ni afadhali anyamaziwe. Baba anabeba peke yake.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Mnaona ilivyopangika?

Msimamizi wa wodi alikuwa Achol. Ndiyo, Achol yule yule wa chai, sasa ni sista mwenye wauguzi sita chini yake. Alinifuata nje, penye bomba la kunawia.

"Mwalimu, Mama ameniuliza mara mbili ana ugonjwa gani. Nimjibu nini?"

"Usimjibu."

"Lakini ukurasa wa tatu..."

"Achol," nikamkata, "leo siongei kama mwalimu. Naongea kama mume."

Aliitazama saa yake iliyobanwa kifuani, kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka macho. Kwetu mwalimu wako hubaki mwalimu wako hata ukimpita kwa cheo. Angeweza kumkatalia mume wa mgonjwa. Mimi hakuweza kunikatalia.

"Basi akiuliza nisemeje?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Tumia mbinu."

Akatumia. Wote wakatumia! Wauguzi wa zamu ya asubuhi na wa zamu ya mchana, karibu wote walipita darasani kwangu. Siku moja nilisimama nyuma ya pazia la kitanda chake nikasikiliza.

"Sista, hii tumbo itaisha lini?" akauliza Poni.

"Tumbo linakusumbua sana, Mama," akasema Achol.

"Nimeuliza itaisha lini."

Kimya. Nilisikia Achol akihesabu, ingawa hakutoa sauti. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

"Ungependa kuniambia unachowaza?"

Naona aibu kuliandika hili, lakini nimeamua kusema ukweli. Nyuma ya lile pazia nilimpa Achol alama nane kwa kumi. Nilimkata mbili kwa sababu sauti yake ilitetemeka.

"Leo tena mnanirudishia mdomo yangu," akasema Poni.

Safari hii hakuna aliyecheka.

Kila aliyekuja kumtazama nilimdaka mlangoni. Kina mama wa kanisa niliwaambia waimbe nyimbo za shukrani tu. Jirani zetu wa Gurei niliwaambia wasilie. Wakaingia mmoja mmoja, wakamwambia anaonekana vizuri, wiki ijayo atakuwa kibandani kwake, madereva wanamuulizia. Poni aliwatazama mdomoni walipokuwa wakisema. Mwishowe akaacha kuwaangalia. Watu walijaa pande zote za kitanda chake, na katikati yao alikuwa peke yake. Na upweke huo niliupanga mimi, kama ninavyopanga ratiba ya zamu!

Jumapili mchana tulikuwa wawili. Nilikuwa namwosha miguu kwa kitambaa na maji ya vuguvugu. Miguu ilikuwa imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Akaniangalia.

"Baba Kiden, piga kwa shule. Mwambie mtoto akuje."

Nikamwambia bado ana mtihani. Wiki tatu tu zimebaki, akimaliza atapanda basi siku hiyo hiyo.

"Wiki tatu," akarudia. Akainua kiganja chake, akakiangalia jinsi kilivyokuwa cha njano. "Wani. Wewe iko mtu ya hospitali. Mimi nitafika hizo wiki tatu?"

Lilikuwa swali la ndiyo au hapana. Nilikuwa na jibu. Daktari alinipa jibu hilo mkononi, nami nililibeba siku sita, mfukoni mwa shati, karibu na moyo... Kama ningesema "hapana", Kiden angekuwa Juba Jumanne.

Mnajua nilifanya nini?

Niliweka kitambaa katika beseni. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, macho yangu usawa wa macho yake. Nikainama mbele kidogo. Nikamshika mkono. Nikahesabu moja mpaka tano.

Nikasema, "Naona wiki tatu zinakutia wasiwasi."

Poni aliutoa mkono wake polepole, kama mtu aliyegundua ameutia katika mfuko usio wake.

"Sawa, Mwalimu," akasema.

Miaka ishirini na miwili! Alikuwa akiniita Wani, akiniita Baba Kiden, na akikasirika akiniita kwa jina la baba yangu. Mwalimu hakuwahi kuniita hata siku moja. Akageukia ukutani. Nikamalizia kumwosha miguu, kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya na mikono yangu.

Jumatatu hakuniuliza kitu. Jumanne hakuniuliza kitu. Jumatano alisema maji ya kunywa yawe baridi kidogo, basi. Nilijidanganya kwamba ametulia. Katika kijitabu changu kuna aya nzima inayosema mgonjwa aliyeacha kuuliza si lazima awe ametulia. Ukurasa wa tisa. Niliiandika mimi.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kufundisha. Mngedhani ningekaa naye, lakini ukweli ni kwamba darasani palinipumzisha, kule wagonjwa ni wa kuigiza. Simu huwa naizima nikiingia. Siku hiyo tulikuwa ukurasa wa tatu. Mwanafunzi mmoja akauliza, je, familia ikikataa mgonjwa asiambiwe? Nikamjibu kwa ufasaha kabisa. Nakumbuka waliandika.

Nilipotoka na kuwasha simu nilikuta Achol amenipigia mara saba.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka tu mgongo wa mwenye boda, na kwamba nilisahau kumwambia tunakwenda wapi mpaka tukawa tumepita njia. Pazia la kitanda cha Poni lilikuwa limefungwa pande zote.

Nywele zake zilikuwa zimechanwa na kusukwa mistari miwili, safi, kama za msichana anayekwenda shule.

Achol alikuwa amesimama miguuni pake, simu mkononi. Hakuinama. Hakunishika. Alinieleza akiwa amesimama wima kama anatoa ripoti ya zamu, na machozi yakimtoka bila yeye kuyafuta.

Asubuhi ile Poni alimuuliza tena kama atafika wiki tatu. "Sikuhesabu, Mwalimu," akasema Achol. "Nilimjibu. Nilimwambia, hapana, Mama, hutafika. Zimebaki siku, pengine ni leo."

Nikamuuliza Poni alifanya nini. Nilitaka kusikia kwamba alipiga kelele. Nilitaka niwe nilikuwa na haki hata kidogo!

"Alishukuru," akasema Achol. "Alisema, 'Asante, binti yangu. Tangu nimekuja hapa, wewe ndiyo mtu ya kwanza kuongea na mimi.'"

Kisha Poni alimweleza kwamba alijua zamani. Siku Wani aliposifu chumvi, ndiyo siku aliyojua anakufa. Lakini hakujua ni lini, na mtu wa hospitali katika nyumba yake alikuwa mmoja tu. Alikuwa akiniuliza mimi muda tu, wasomaji. Muda, ili ajue kama amwite mtoto sasa au amwache asome!

Aliomba mambo mawili. Nywele zichanwe, ili Kiden asije akasikia mama yake alikufa ovyo. Na shule ipigiwe. Achol alipiga kwa simu yake mwenyewe. Metroni akasema mtoto yumo katika chumba cha mtihani, karatasi imekwisha kufunguliwa, hawezi kutolewa. Baada ya saa mbili atakapotoka atapewa simu.

"Kwes," akasema Poni, yaani vizuri. "Mimi nitangoja."

Alingoja. Achol akimsuka, naye kila baada ya muda kidogo akiuliza zimebaki dakika ngapi, na Achol akimjibu. Arobaini, Mama. Ishirini na tano, Mama.

Zilikuwa zimebaki kumi na tano...

Tulikuwa tumesimama vivyo hivyo, mimi na Achol, simu ilipolia mkononi mwake. Namba ya Uganda. Akanyoosha mkono akanipa.

"Mama?" ikasema sauti ya Kiden. Alikuwa anahema, nadhani alikimbia kutoka chumba cha mtihani. "Mama, metroni anasema unanitafuta. Mama?"

Nilikuwa na nafasi moja zaidi ya kuwa mtu. Mbele yangu amelala mama yake, amesukwa, amengoja. Nikasema, "Ni Baba. Mama amechoka kidogo, amelala. Panda basi uje nyumbani."

Achol alinitazama. Alichukua simu yake, akaipangusa kwenye gauni kana kwamba imechafuka, akatoka nje ya pazia.

Kiden alipanda basi kesho yake. Karatasi mbili za mwisho hakuzifanya. Nilimuuza mama yake kwa ajili ya mtihani ule, nao nikaukosa!

Mabasi ya kutoka Uganda hupita mpakani Nimule, na kabla ya Juba husimama Nesitu. Mliosoma mpaka hapa mmekwisha kuelewa. Mimi, msomi, sikuwaza kabisa. Nesitu kila mwuza chai alikuwa rafiki wa Poni, na habari ilikwisha kuwafikia. Mama Joyce, aliyekuwa akishirikiana naye jiko, akamwona Kiden dirishani. Akapanda ndani ya basi na aproni yake ya kazi, akamkumbatia na kuanza kulia kwa sauti.

"Malesh, mwanangu! Pole! Tutafanya nini bila mama yako?"

Kiden akamuuliza, "Mama yangu amefanya nini?"

Mama Joyce baadaye aliniambia kwamba dereva alizima injini. Wale kina mama wa chai walisimama chini wakiangaliana, kwa sababu walidhani mtoto anajua. Nani angedhani hajui? Nani humwacha mtoto apite Nesitu bila kujua?

Sehemu ya safari iliyobaki alilaza kichwa mapajani mwa mwanamke asiyemfahamu, aliyekuwa akienda Mangateen, hapa Juba, kuuza nguo za mitumba. Sikuwahi kumjua jina nikamshukuru.

Nilimpokea getini. Mbwa alimkimbilia, akazunguka nyuma yake, akatafuta, akarudi.

"Alijua?" Kiden akaniuliza.

"Alijua."

"Nani alimwambia?"

"Sista Achol."

"Na wewe?"

Nikanyoosha mkono nimshike. Nadhani niliinama mbele kidogo. Miaka ya kazi huingia mpaka mgongoni.

"Usinishike hivyo, Baba," akasema. "Hiyo ni ya wagonjwa."

Baada ya mazishi alikwenda kuishi kwa mama yake mdogo, Gulu. Alirudia mwaka, akafaulu, nilisikia kwa watu. Kwa miaka miwili kila nilipomwandikia ujumbe alinijibu maneno mawili: Niko sawa. Nina somo la saa nzima kuhusu maneno hayo mawili. Wanafunzi hulipenda.

Achol naye hakunigombeza. Siku moja nilikuta kijitabu changu mezani ofisini, nakala yake ya zamani, imechakaa kwa kusomwa. Amenirudishia. Nilipokifungua niliona karatasi moja imechanwa kwa uangalifu, pembeni kabisa. Ukurasa wa tatu alibaki nao. Uliobaki ndio aliniachia.

Siku hizi najipikia. Natia chumvi kidogo, kiasi kile nilichokuwa nikikidai miaka yote. Hakuna wa kunibishia. Chakula hakina ladha yoyote... Jirani wakinisalimia na kuniuliza habari ya nyumbani, nasema nzuri, kisha nakaa barazani na mbwa, sote wawili tumeelekea getini.

Mwezi uliopita, Jumapili baada ya misa, simu ililia. Alikuwa Kiden.

"Baba, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Ulimficha Mama kwa sababu ya mtihani wangu, ama uliogopa wewe mwenyewe?"

Naapa, sauti ya wodi ilinijia kooni. Naona bado una uchungu, mwanangu. Ilikuwa tayari, laini, imekaa kwenye ncha ya ulimi. Nikaimeza kama kidonge kikavu.

"Niliogopa mimi," nikasema. "Mtihani ulikuwa kisingizio."

Upande wa pili palikuwa kimya. Sikuhesabu. Nilisikia kuku wa kwa mama yake mdogo, na redio mahali fulani.

"Sawa, Baba," akasema. Akakata simu.

Sijui kama atapiga tena. Nimeacha simu ikiwa imewashwa, hata darasani.

Wasomaji wenzangu, ninyi mlio wauguzi na ninyi ambao kesho mtakaa kando ya kitanda cha mtu wenu, siwaambii mchome vijitabu. Kaeni. Inameni. Kuna wagonjwa wengi ambao huokolewa na mtu anayejua kunyamaza. Lakini mtu wako akikuuliza waziwazi kama atafika, nawe unajua, nakusihi usijifiche nyuma ya upole kama nilivyojificha mimi. Usimwachie mgeni kazi hiyo. Usingoje mtihani uishe, mavuno yaishe, sikukuu ipite. Mjibu, hata ukilia, hata sauti ikivunjika, hata ukikosea maneno.

Ukishamjibu ndipo unyamaze naye, kwa muda wowote atakaoutaka. Mimi nilikuwa na siku nne za kunyamaza hivyo na Poni, tukijua wote wawili. Nilizitumia kumwambia anaonekana vizuri.